Presha ya oda kwa madereva wa pikipiki: mwongozo kamili kwa anayewasimamia

Dereva wa mizigo anapokatiza taa nyekundu pale Magomeni, au anapoingia njia ya mabasi ya mwendokasi ili aikwepe foleni ya Morogoro Road, mara nyingi jambo hilo lilishaamuliwa ofisini nusu saa kabla. Mteja aliahidiwa dakika 30, chakula kikatoka jikoni dakika ya 19, na dereva akakabidhiwa dakika 11 zilizobaki.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara au msimamizi mwenye madereva kati ya 5 na 20 wanaosambaza chakula, dawa, nguo au vipuri. Mifano ni ya Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni moja: kuitoa presha barabarani na kuipeleka mahali inapoweza kubebwa bila mtu kuvunjika mguu, yaani jikoni, kaunta, kwenye simu na kwenye malipo.

Hatua ya 1: Pima kwanza, wiki mbili, bila adhabu

Usibadilishe chochote kabla hujajua dakika zinaishia wapi. Kila oda iandikiwe nyakati tano: (1) oda imepokelewa, (2) dereva amefika kuchukua, (3) ameondoka na mzigo, (4) amefika kwa mteja, (5) amekabidhi.

Huhitaji programu ya gharama. Fungua kundi la WhatsApp la kazi tu. Dereva anaandika namba ya oda na tarakimu ya hatua, mfano "114-3", na WhatsApp yenyewe inaweka saa. Sharti ni moja na halilegezwi: ujumbe unatumwa pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa. Jioni mtu wa oda, yaani anayepokea oda ofisini, anahamishia nyakati hizo kwenye daftari au kompyuta. Kusanya oda zisizopungua 200 ili upate picha ya siku za kawaida, za mvua na za mwisho wa mwezi.

Waambie madereva mapema, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba hakuna atakayekatwa wala kusemwa kwa sababu ya namba za wiki hizi mbili. Wakihisi ni mtego, watabonyeza "4" wakiwa bado getini kwa jirani, na daftari lako litakuwa la uongo kuanzia ukurasa wa kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme safari 10 za Kariakoo hadi Sinza zilichukua dakika 22, 24, 25, 26, 27, 29, 31, 36, 48 na 61. Wastani ni karibu 33. Ukimwahidi mteja dakika 33, safari 3 kati ya 10 zitachelewa hata kama kila dereva ameendesha vizuri kabisa. Kwa hiyo panga safari kwa kuanzia ya haraka hadi ya polepole, kisha chukua ya tisa: 48. Izungushe juu iwe 50. Hiyo ndiyo ahadi ya njia hiyo.

Zile mbili za haraka zaidi, 22 na 24, ziondoe kabisa unapopanga lengo la ndani, yaani muda ambao ofisi inautarajia kwa dereva. Hujui zilipatikanaje. Huenda barabara ilikuwa nyeupe, huenda mtu alipanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Hili ni kosa linalojirudia dunia nzima, na China ndiko lilikoonekana kwa ukubwa wake. Mifumo ya kampuni za kusambaza chakula ilikuwa ikijifunza kutokana na safari zilizopita. Madereva walivunja sheria ili wawahi, mfumo ukaona kumbe inawezekana, ukapunguza muda, nao wakalazimika kuvunja zaidi. Septemba 2020, baada ya malalamiko makubwa ya wananchi, Ele.me iliweka kitufe cha mteja kukubali kusubiri dakika 5 zaidi, na Meituan ikaahidi kumwongezea dereva dakika 8. Wewe unaweza kulikwepa shimo hilo kwa kalamu na daftari.

Hatua ya 2: Tafuta dakika mahali zinapopotelea kweli

Chukua safari ya kilomita 6 kwenye barabara iliyo wazi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni dakika 9. Kwa mwendo wa 50 ni dakika 7 na sekunde 12. Dereva anaokoa dakika 1 na sekunde 48, na nguvu ya kishindo akigonga inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nguvu hiyo inapanda kwa mraba wa mwendo. Kwenye foleni na mataa hata hizo sekunde 108 nyingi hazipatikani.

Sasa angalia tofauti kati ya hatua ya 2 na ya 3 kwenye daftari lako, yaani muda wa kusubiri mzigo. Kisha kati ya 4 na 5, muda wa kukabidhi. Hapo utakuta dakika 10, 15, wakati mwingine 25. Dakika hizo unazichota bila kumwambia mtu akaze mwendo.

Jikoni: dereva aitwe chakula kikiwa kimebakiza dakika 5, siyo oda inapoingia. Weka rafu yenye namba, mfuko uliofungwa na risiti yake juu, ili dereva asiulizie "hii ya nani?" kaunta. Akifika achukue, atazame namba, aondoke.

Anwani: mtu wa oda ndiye anayeithibitisha, kabla mzigo haujatoka. Anauliza vitu vinne: pini ya ramani, "jirani na nini", ghorofa au rangi ya geti, na namba ya pili ya mtu atakayepokea kama mteja hapokei. Mitaa mingi sasa ina vibao vya barabara na namba za nyumba, na programu ya NaPA inasaidia kuipata nyumba, lakini "nyuma ya duka la dawa, geti la bluu" bado ndiyo inayomfikisha dereva mlangoni. Mteja asipopokea simu mara mbili, oda isitoke. Dereva kuzunguka Mbezi akitafuta mtu aliyezima simu ni petroli na hasira bure.

Malipo: yahimize yafanyike kwa lipa namba kabla mzigo haujaondoka. Wale wanaolipa taslimu, mpe dereva chenji ya kutosha mwanzo wa zamu, mfano noti 2 za 5,000, 3 za 2,000 na 4 za 1,000, jumla 20,000, na asaini. Ukosefu wa noti ya elfu mbili umeshaharibu zamu nyingi nzuri.

Kukabidhi: dakika 10 za kusubiri, basi. Zikifika, dereva anamtaarifu mtu wa oda, na ofisi ndiyo inayoamua kama anaendelea kusubiri, anamwachia mlinzi au anarudi. Ukimwachia dereva uamuzi huo, atasubiri kwa kuogopa kusemwa, kisha atafidia dakika hizo barabarani.

Hatua ya 3: Badilisha ahadi unayompa mteja

Marekani, Domino's Pizza ilijijenga kwa ahadi ya pizza ndani ya dakika 30. Mwaka 1993 iliifuta, baada ya mahakama kuamuru mamilioni ya dola kwa mtu aliyegongwa na dereva wake. Korea Kusini ahadi kama hiyo iliondolewa mwaka 2011 kufuatia vifo vya vijana waliokuwa wakisambaza. Ahadi ya muda mfupi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, humfikia dereva kama amri.

Mpe mteja kipindi badala ya dakika: "Mzigo utafika kati ya saa 7:00 na saa 7:40 mchana." Weka vipindi kwa kanda, kutokana na hesabu ya hatua ya 1, na uvitenganishe kwa saa za siku, maana Mwenge ya saa 4 asubuhi si Mwenge ya saa 11 jioni. Mtu wa mauzo asiruhusiwe kuahidi kipindi kifupi kuliko kilichopangwa ili tu asimpoteze mteja. Hapa ndipo mpango mwingi hufia, kwa hiyo kama mtu wa mauzo analipwa kamisheni, oda aliyoiahidi nje ya kipindi isihesabiwe.

Mvua iwe na kanuni yake, iliyoandikwa kabla ya masika. Ikianza kunyesha, kila kipindi kinaongezwa dakika 20 papo hapo na kanda ya mbali inafungwa. Maji yakijaa Jangwani, oda za kupita huko zinasimama. Anayetangaza ni msimamizi, na ujumbe kwa wateja uwe tayari kwenye simu: "Ndugu mteja, kutokana na mvua mzigo wako utachelewa kwa takriban dakika 20. Dereva wetu anaendesha taratibu kwa usalama wake. Ukitaka kuahirisha, jibu AHIRISHA." Wateja wengi huelewa wakiambiwa mapema. Kinachowaudhi ni ukimya.

Hatua ya 4: Malipo

Unaweza kubandika tangazo la usalama kila ukuta. Kama malipo yanamwambia dereva kimbia, atakimbia.

Uliza kwanza swali ambalo mabosi wengi hawaulizi: pikipiki ni ya nani? Wengi wanaleta hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kwa mwenye chombo kila siku, au wako kwenye mkataba na wakikosa kulipa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa. Presha yako inajumlishwa na hiyo.

Tuchukue mfano. Dereva analipwa 2,000 kwa oda, na bonasi ya 10,000 akifikisha oda 15. Hesabu ya mwenye chombo ni 8,000 na mafuta ya siku ni 7,000. Siku ya mvua akipata oda 8, ana 16,000, na baada ya hesabu na mafuta anarudi nyumbani na 1,000. Siku nzuri amefikisha oda 13 na ni saa 2:30 usiku. Oda mbili zilizobaki zina thamani ya 4,000 pamoja na bonasi 10,000, yaani 7,000 kila moja. Umempandishia bei mara tatu na nusu saa ileile ambayo macho yamechoka na barabara ina giza.

Badilisha hivi. Weka msingi wa zamu, yaani malipo ya kudumu ya kila zamu, usiopungua hesabu pamoja na mafuta. Hapa ni 15,000. Juu yake lipa kwa kanda: 1,000 hadi kilomita 4, 1,700 hadi kilomita 9, 2,800 hadi kilomita 15. Kusubiri kukizidi dakika 10, lipa 500 kwa kila dakika 10 zinazofuata, na biashara iliyochelewesha ndiyo ibebe, ikiwa ni jiko lako basi ni wewe. Bonasi ya kufikisha idadi ifute.

Oda 15 (6 za kanda ya kwanza, 6 za pili, 3 za tatu) zinamletea 39,600; zamani zilikuwa 40,000. Oda 8 za siku ya mvua (3, 3 na 2) zinamletea 28,700 badala ya 16,000. Kwa siku nzuri gharama yako karibu haijabadilika. Kwa siku mbaya unatoa 12,700 zaidi, na hakuna namna ya kulificha hilo. Hiyo ndiyo bei ya mtu kutokuingia kwenye maji asiyoyajua kina chake ili apate hela ya hesabu. Iingize kwenye nauli ya mteja kwa kanda, na rekebisha namba za mafuta kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Pikipiki ya cc 125 hadi 150 yenye boksi, mjini, ihesabie kilomita 35 kwa lita.

Makato ya kuchelewa yafute yote. Kwa uharibifu wa mzigo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu makato ikiwa tu ni kosa la mfanyakazi, umemweleza kwa maandishi sababu, kiasi na namna ulivyokikokotoa, umempa nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi hasara yenyewe wala robo ya ujira wake. Kumkata mshahara papo hapo kwa supu iliyomwagika ni nje ya sheria.

Usijifariji kwamba hao si wafanyakazi wako kwa kuwa mkataba umeandikwa "wakala". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa hata jambo moja kati ya yaliyotajwa lipo: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, anakutegemea kiuchumi, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita.

Hatua ya 5: Saa za kazi, na ukomo wa oda

Sheria ileile ya ajira inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Pamoja na saa za ziada, siku haivuki saa 12, na saa za ziada hazizidi 50 katika wiki 4, zikilipwa mara moja na nusu. Baada ya saa 5 mfululizo kuna mapumziko ya dakika 60. Kati ya zamu na zamu ni saa 12, na kwa wiki saa 24 za mapumziko. Kazi ya saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5.

Oda za chakula zina vilele viwili, saa 5:30 asubuhi hadi 8:30 mchana, na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Kishawishi ni kumweka dereva mmoja kwenye vilele vyote, na katikati "apumzike" juu ya pikipiki chini ya mwembe. Hiyo ni siku ya saa karibu 10 bila kupumzika kweli. Gawa zamu mbili zinazopishana, mfano saa 4 asubuhi hadi 12 jioni, na saa 8 mchana hadi 4 usiku.

Weka ukomo wa juu wa oda, siyo wa chini peke yake. Kama safari ya kwenda na kurudi inachukua saa moja, zamu ya saa 8 yenye mapumziko ina safari 7. Kwa kubeba mizigo 2 ya njia moja, ni oda 14. Mzigo wa tatu usiongezwe: ndio unaoharibu kipindi cha mteja wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Atakayeleta oda 20 muite mkae chini, umuulize alivyofanya. Mara nyingi kuna mwenzake ambaye simu yake ndiyo iliyotumika, au kuna taa nyekundu kadhaa.

Hatua ya 6: Simu

Tazama dereva kwenye mataa ya Ubungo simu inapoita. Anaichomeka kati ya kofia ngumu na shavu, shingo imeinama, mkono mmoja bado umeshika mshikio, na taa inawaka kijani. Aliyepiga ni mtu wa oda, na swali ni "upo wapi?"

Piga marufuku swali hilo. Ofisi haimpigii dereva aliye safarini. Kundi la WhatsApp tayari linaonyesha ameondoka saa ngapi, na hesabu ya kanda inasema atafika lini. Jambo la lazima liandikwe, atalisoma akisimama. Mteja apewe namba ya ofisi. Namba ya dereva ataiona dereva akishafika na kumpigia yeye. Asiyepokea simu akiwa anaendesha asisemwe hata siku moja, hata kama mteja ni mkubwa kiasi gani.

Hatua ya 7: Chombo

Dakika 5 kabla ya zamu, na zilipwe: breki zote mbili, taa na indiketa, upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye pikipiki, mistari ya tairi, mlegeo wa cheni kati ya sentimita 2 na 3, kofia ngumu yenye mkanda unaofunga. Boksi lisipite upana wa usukani, na vizito vikae chini, upande wa dereva. Mwenye tairi kipara akiri bila kupoteza siku. Ukimrudisha nyumbani bila msingi wa zamu, kesho hatasema.

Hatua ya 8: Mazungumzo, na siku ya ajali

Usibandike orodha ya "dereva bora wa wiki" kwa idadi ya oda. Dereva anayeonekana mzito mlinganishe na wenzake wa kanda ileile na saa ileile, halafu mkae wawili. Mwite kwa heshima anayoizoea, kaka au jina lake, na uanze na swali: "Sinza inakusumbua nini?" Huenda amepewa oda zote za ghorofa zisizo na lifti.

Ajali ikitokea, neno la kwanza kwenye simu ni "umeumia wapi?" Mzigo utauulizia kesho. Mpigie polisi kwa 112, hakikisha PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inapatikana, mtu wa ofisi aende hospitali, wateja waliobaki wataarifiwe, na taarifa ya ajali ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kuchelewa. Kisha fungua daftari: oda ile ilitoka jikoni dakika ya ngapi? Saa ya ngapi ya zamu? Nani alikuwa amempigia?

Mpango unapojaribiwa: Ramadhani

Kipimo kikubwa cha mpango huu ni jioni za mwezi wa Ramadhani. Kila mteja anataka futari kabla ya adhana, foleni ni ya watu wote wanaorudi nyumbani, na madereva wengi wenyewe wamefunga, hawajanywa maji tangu daku. Msimamizi aliyeshika kanuni mwaka mzima anaweza kuzivunja zote ndani ya saa moja na nusu.

Panga hivi. Oda za futari zipokelewe hadi saa 9 alasiri, na zipangwe kwa kanda palepale. Jiko lianze kutoa saa 10, za mbali zikitangulia. Safari ya mwisho iondoke dakika 60 kabla ya magharibi. Baada ya hapo chakula kinachukuliwa dukani au kinapelekwa baada ya swala, na mteja aambiwe hivyo anapoagiza. Ukomo wa mizigo 2 kwa safari ubaki palepale. Ndani ya kila boksi weka tende 3 na chupa ya maji, na agizo liwe wazi: adhana ikimkuta dereva njiani, anaegesha mahali salama, anafungua, anapumzika dakika 15, na kipindi cha mteja anayefuata kinasogezwa na ofisi bila yeye kupiga simu kuomba.